Hukumu ya talaka ninayo mkononi na benki bado inanidai: tuongee pesa na karatasi

#1 Mama Faili

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Huu ni mwaka wa nne tangu ndoa yangu ivunjwe. Sikuja kulia, kilio kilishaisha. Nimekuja kwa sababu mdogo wangu ameanza safari hiyohiyo, na swali la kwanza aliloniuliza ni "dada, nitapata nusu?" Swali hilo ndilo lililoniponza mimi. Nilihangaika na nusu miezi kumi na minne, nikapata karibu kila nilichokitaka kwenye hukumu, nikarudi nyumbani najiona mshindi.

Miaka miwili baadaye ikaja barua ya benki. Bahasha nyeupe yenye kidirisha, na kwenye kidirisha jina langu la ndoa ambalo nilishaacha kulitumia. Ulikuwa mkopo tuliochukua pamoja tulipopanua nyumba. Miezi mitano haujalipwa.

Hukumu ilisema wazi, aya ya saba, naijua kwa moyo: mkopo utalipwa na mume. Basi nikaenda benki na hukumu yangu ndani ya mfuko wa plastiki, shingo juu. Dada wa mikopo akaisoma yote bila haraka. Akanirudishia kwa adabu. Kisha akafungua mkataba wa mkopo ukurasa wa mwisho, akaweka kidole juu ya saini yangu. "Mama, sisi hatukuwa kwenye kesi yenu."

Hiyo sentensi ingekuwa na thamani kubwa kama mtu angeniambia mapema. Hukumu ya talaka inawafunga wawili waliosimama mbele ya hakimu. Haimfungi aliyewakopesha. Mwenzako asipolipa, mkopeshaji anakuja kwako uliyesaini, unalipa wewe, halafu ndiyo unarudi mahakamani kukazia hukumu ili mwenzako akurudishie. Kama ana cha kurudisha.

Nilichopaswa kufanya: kabla ya kusaini makubaliano yoyote ya mali, mkopo ule ungemalizwa kwa kuuza kitu, au ungehamishiwa jina lake peke yake kwa ridhaa ya benki yenyewe, nami nipewe barua ya kunitoa. Benki haikubali kirahisi, kwa sababu inampima upya kama mshahara mmoja unaweza kubeba kilichobebwa na miwili. Lakini bora kujua haiwezekani ukiwa bado una kauli mezani kuliko kujua ukiwa umeshasaini.

Karibuni tuchangie. Matusi kwa wanaume au wanawake pelekeni uzi mwingine.

#2 Jongoo wa Jioni

Mtu kichwa kimejaa, halali, hali, saa ngapi atakumbuka kusoma mkataba wa mkopo? Pole dada.

#3 Mizani

Mleta mada ameshika mahali penyewe. Mahakamani ndiko ninakopatia riziki, na watu wanaokuja ofisini wakiuliza "nusu" ni wengi kuliko wanaouliza "deni". Niseme kidogo kuhusu hiyo nusu, maana wengi wanaichukua kutoka kwenye filamu.

Hakuna nusu ya dunia nzima. California, kwa mfano, kilichochumwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili na kinagawanywa sawa, na madeni vilevile. Watu husahau hayo madeni. Uingereza hakimu ana uhuru mkubwa: anatazama mahitaji, watoto, urefu wa ndoa. Mwaka 2000, katika kesi ya White, wanandoa wakulima waliokaa pamoja zaidi ya miaka 30, majaji walisema usibague kati ya aliyeleta pesa na aliyelea nyumba, na kabla hujaamua pima mgawo wako kwa kipimo cha usawa. Kipimo, si amri.

Tanzania msingi ni mchango, kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ikasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kila mtu anaitaja kesi hiyo, wachache wameisoma hadi mwisho: kanuni ilishinda, mama mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu majaji walikuta pesa alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya. Kenya nako Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu mchango wa pesa na usio wa pesa, kulea watoto kukiwamo, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema usawa wa wanandoa uliomo kwenye Katiba hauna maana kwamba kila mali inakatwa katikati moja kwa moja.

Kwa hiyo ukiniuliza utapata ngapi, nami nitakuuliza una nini cha kuonyesha. Risiti, ujumbe wa kutuma pesa, jina la fundi aliyelipwa, shahidi aliyekuona ukisimamia ujenzi. Kwenye nchi za mchango kesi inabebwa na vitu hivyo. Machozi hayana namba ya kielelezo.

#4 Kipanga

Mimi kesi yangu iliisha zamani. Nyumba nilijenga kabla ya ndoa, hati jina langu, sikutoa hata tofali. Vijana jengeni kwanza.

#5 Mizani

Kipanga, hongera, ila usiwape vijana kinga isiyokuwepo. Mali ya kabla ya ndoa kweli huanza ikiwa yako. Swali ni imefanywa nini baada ya hapo. Mwenzako akiongeza vyumba, akilipa mkopo wake, akiiendeleza kwa kiasi cha kueleweka, sheria nyingi zinampa sehemu ya kile kilichoongezeka. Tanzania kifungu kilekile cha 114 kinasema hivyo, na Kenya inatambua maslahi ya aliyeboresha. Jina kwenye hati ni mwanzo wa mazungumzo.

Na kuna kosa la pili: kuchanganya. Umerithi pesa, ukaziingiza kwenye akaunti ya pamoja, zikalipa ada, zikanunua gari, zikarudi kidogo kutoka kwenye biashara. Miaka sita baadaye njoo unionyeshe zipi ni za urithi. Kama unataka kitu kibaki chako, kiache peke yake na karatasi zake.

#6 Hesabu za Usiku

Mimi si mwanasheria, ni mhasibu, na huwa naitwa watu wakishachelewa. Naomba niseme kuhusu "sawa" ambazo si sawa.

Tuseme nyumba ina thamani ya 100. Mkopo uliobaki ni 40. Watu wanaandika mke achukue nyumba, 100. Hapana. Nyumba ni 60. Halafu siku akitaka kuiuza kuna dalali, kuna kodi, kuna kupaka rangi na kurekebisha paa ambalo hamkulirekebisha mlipokuwa mnagombana. Toa 8 au 10. Tumebaki na 50 na kidogo, nayo imeganda kwenye matofali, huwezi kuikata kipande ukalipie ada.

Upande wa pili mume anachukua akiba benki, 60. Hiyo ni 60 leo jioni.

Sasa weka 60 ya tatu, ya mafao ya uzeeni. Kwenye karatasi ni 60, lakini haishikiki mpaka mtu astaafu, na ikitoka huenda ikakatwa kodi. Kwa mtu wa miaka 35 na kwa mtu wa miaka 58 hiyo si pesa moja. Kuna nchi mafao hugawanywa kwa amri ya mahakama inayopelekwa kwenye mfuko wenyewe, kuna kwingine mfuko hausikii lugha hiyo kabisa. Ulizeni mfuko kwa maandishi kabla ya kukubaliana, na ombeni taarifa inayoonyesha kilichochangiwa kabla ya ndoa na kilichochangiwa ndani yake.

Nimeona mama akipigania nyumba kwa moyo wote kwa sababu watoto wamezaliwa humo, akaipata, na baada ya miezi kumi na minane anaiuza kwa hasara kwa kuwa mshahara wake peke yake hauwezi kuilisha. Nyumba inakula kila mwezi. Kabla ya kuililia, andika bajeti ya miezi 12 ukiwa peke yako, halafu msomee mtu asiyekuhurumia.

#7 Chura Kimya

Mnajichosha. Mwanaume ukiona dalili, hamisha kila kitu jina la mama yako. Atagawana nini? Hewa?

#8 Mama Faili

Haya, amekuja 😂

#9 Mizani

Chura, ushauri huo umenilipia bili nyingi, kwa hiyo sipaswi kuulalamikia.

Mahakama karibu zote zinawataka wanandoa wataje mali na madeni yao kwa kiapo. Ukiapa uongo, kwanza ni kosa lenyewe. Pili, hakimu anaweza kuufuta uhamisho uliofanyika kwa nia ya kumkwepa mwenzako, au akaihesabu ile mali kana kwamba bado unayo na kukukatia kwenye kilichobaki. Tatu, hata ukishinda leo hujamaliza. Oktoba 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wake wawili, katika kesi mbili tofauti, kufungua upya makubaliano yaliyokuwa yameshapitishwa, kwa sababu waume zao hawakusema ukweli kuhusu mali zao.

Na nne, ambayo si ya mahakamani: mama akishafariki, nyumba yako ni mali ya marehemu. Wadogo zako sita ni warithi. Waambie ilikuwa yako, uone.

#10 Jongoo wa Jioni

Hiyo ya nne imeniua.

#11 Mama Faili

Nirudi kwenye karatasi, maana ndiyo jina langu humu.

Kabla sijamwambia mtu yeyote kwamba naondoka, ningepaswa kukaa jioni tatu na simu yangu nikipiga picha. Cheti cha ndoa. Hati za nyumba na kiwanja, kila ukurasa, hata ule mweupe wenye muhuri tu. Mikataba ya mikopo, na hasa ukurasa wa dhamana, kwa sababu mimi niligundua baadaye kwamba nilimdhamini kwenye mkopo wa biashara ambao hata sikuukumbuka. Alinipa nisaini tukiwa tunaenda kazini, juu ya boneti ya gari. Taarifa za akaunti za mwaka mzima au zaidi. Hati za mishahara. Kadi za magari. Fomu za bima. Usajili wa kampuni kama ipo. Vyeti vya watoto.

Picha hizo usiziache kwenye simu ambayo mwenzako anajua namba yake ya siri. Mimi nilimtumia dada yangu.

Ila angalieni: chukua nakala ya kile ambacho ni chako au cha wote na kipo wazi nyumbani. Kuvunja barua pepe yake au kuingia kwenye akaunti yake ya benki kwa ujanja kunaweza kukugeuza wewe mkosaji.

Akaunti ya pamoja nayo ina siri yake: kuna ya "yeyote anasaini" na ya "lazima wote wasaini". Yetu ilikuwa ya yeyote. Ilibaki tupu Ijumaa moja kati ya saa nne na saa sita. Unaweza kuiomba benki ibadilishe masharti, au kwenda mahakamani kuomba zuio. Kuikomba wewe kwanza usijaribu, itasomwa mbele ya hakimu kwa sauti.

#12 Tumaini_K

Samahani dada, na samahani wakili. Nina swali la aibu. Sijafanya kazi ya mshahara miaka tisa, nimelea watoto watatu. Yeye ndiye mwenye kila kitu. Nikifungua kesi nitaishi kwa nini mpaka iishe?

#13 Mizani

Dada Tumaini, si swali la aibu, ndilo linalowafanya wengi wabaki walipo.

Kuna maombi ya matunzo ya muda, wakati kesi kuu inaendelea. Huhitaji kusubiri hukumu ya mwisho. Hakimu anatazama unahitaji nini na mwenzako ana uwezo gani, anatoa amri ya kiasi cha kila mwezi. Wakili asipoyataja siku ya kwanza, yataje wewe. Nenda na matumizi yako yameandikwa: kodi au mkopo wa nyumba, chakula, shule, nauli, dawa. Orodha ya ukweli. Ukitia chumvi kwenye mstari mmoja watakutilia shaka kwenye yote.

Pili, matunzo ya watoto ni jambo la peke yake. Ni haki ya mtoto, kwa hiyo mzazi hawezi kuiuza ili apate gari. Makubaliano ya "sitaki hata senti ya watoto ilimradi niache nyumba" mahakama nyingi zinaweza kuyakataa au kuyabadilisha baadaye. Na asipolipa, usimzuie kuwaona watoto kwa hasira. Hivyo ni vitu viwili, na wewe ndiye utakayeonekana mvunja amri.

Tatu, ile miaka tisa isimulie kama kazi, kwa tarehe. Nani alikuwa anawapeleka hospitali, nani alisimamia fundi, biashara ya mume ilikuwa kiasi gani mlipooana na sasa iko kiasi gani. Uliza pia vituo vya msaada wa kisheria na vitivo vya sheria vyuoni, vingine vinasaidia bure.

#14 Tumaini_K

Asante sana. Hilo la muda sikulijua kabisa.

#15 Mwana wa Chuoni

Wenye ndoa za Kiislamu msidhani talaka ya mdomo imemaliza mambo ya serikali. Eda, mahari iliyobaki, kiliwazo, hayo yana mahali pake kwa kadhi au kwa mashehe. Lakini benki na ofisi ya ardhi wanataka karatasi yenye muhuri wa chombo kinachotambuliwa na sheria ya nchi. Na kwa kuwa Tanzania imetajwa: kabla ya kufungua shauri lazima mpitie baraza la usuluhishi wa ndoa na mpate hati kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa kwenye sheria. Kuna watu wameshinda mali, wamefika kwenye rufaa, kesi nzima ikafutwa kwa sababu ya hati hiyo moja.

#16 Hesabu za Usiku

Swali kwa wakili. Watu wakiachana kwa amani, hawana kitu, kila mtu njia yake. Kuna haja ya kuandika chochote kuhusu mali?

#17 Mizani

Hao ndio wenye haja kubwa. Wapo wawili Uingereza walioachana maskini kabisa, talaka ikatoka 1992, na hakuna aliyeweza kuonyesha amri ya kufunga madai ya fedha. Mume akaanzisha biashara ya umeme wa upepo, akawa tajiri. Mwaka 2011 mke akafungua madai. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikasema yasikilizwe, na mwaka uliofuata yakamalizwa kwa mapatano ya pauni 300,000. Utajiri wote ulikuja baada ya talaka!

Nchi nyingine zina ukomo wa muda mfupi, ukichelewa umekosa. Kwa hiyo kuna hatari pande zote: kuachwa wazi, na kufungiwa nje. Ulizeni sheria yenu inasemaje, kisha muwe na amri inayosema hakuna mwenye dai kwa mwenzake. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

#18 Mama Faili

Na jamani, mnufaika. Nililikumbuka jana usiku nikashindwa kulala.

Fomu ya bima ya maisha na ya mafao ulijaza siku ya kwanza kazini, ukaandika jina la mwenzako kwa mapenzi tele. Talaka haifiki kwenye droo hiyo yenyewe. Kuna kesi ya Marekani iliyoamuliwa 2009. Bwana mmoja alijaza fomu 1974, akaachana na mkewe 1994, na kwenye hukumu ya talaka mke aliachia kabisa haki ya mafao yale. Fomu haikubadilishwa. Bwana akafariki 2001. Dola kama 400,000 zikalipwa kwa mtalaka, binti akashtaki kwa niaba ya mirathi, na majaji wote kwa kauli moja wakasema mfuko ulifanya sawa, unafuata fomu. Siyo kila nchi iko hivyo, wala siyo kila mfuko, lakini kuijaza upya ni dakika kumi.

Wasia vilevile. Na namba ya simu inayopokea ujumbe wa benki.

#19 Kipanga

Hiyo ni ya Wamarekani. Mimi niliachana zamani, kazini wanajua.

#20 Mama Faili

Wanajua, au wameandika?

#21 Kipanga

Wakuu, nimerudi baada ya siku tano. Mke wangu wa sasa alisoma uzi huu juu ya bega langu, asubuhi akanisindikiza mwenyewe mpaka ofisi ya utumishi.

Kijana akatoa faili, likatoa vumbi. Jina lililopo ni la yule wa kwanza, kwa mwandiko wangu, nimeweka na duara juu ya herufi i. Asilimia 100. Mke wangu hakusema kitu. Alikaa tu anaiangalia ile duara.

Nimeomba fomu mpya, wamenipa. Wanataka nakala ya hukumu ya talaka iliyothibitishwa na mahakama, na mimi niliyonayo ni fotokopi ya fotokopi, muhuri hausomeki. Jumatatu naenda masijala kuitafuta. Wakili Mizani, namba ya shauri nimeisahau, nikiwa na majina na mwaka wataipata?

#22 Mizani

Wataipata. Nenda mapema, na beba kitambulisho.